Kompyuta Kongwe na Mifumo Endeshi Myepesi

Si jambo la ajabu, mtu atembeleapo shule za sekondari za mikoani, kukuta chumba kilichofungwa kwa kufuli ambacho ndani yake mna kompyuta kumi au ishirini zilizofunikwa vitambaa. Zilipokelewa kwa hotuba na makofi, zikatumika muhula mmoja au miwili, kisha zikaanza kuchelewa. Mwanafunzi aliwasha moja, na kengele ya kipindi ikalia kabla mashine haijawa tayari kupokea herufi ya kwanza. Hatimaye ilisemwa kwamba kompyuta hizo zimechoka, na mlango ukafungwa. Wanafunzi wakarudi kuchora kibodi katika madaftari yao na kukariri majina ya sehemu za kompyuta kwa ajili ya mtihani.

Kwa shule iliyopo katika uwanda wa juu wa Ufipa, hasara hiyo ni kubwa kuliko inavyoonekana. Sumbawanga, makao makuu ya Mkoa wa Rukwa, iko umbali unaozidi kilometa 1,000 kutoka Dar es Salaam kwa barabara. Kompyuta yoyote iliyofika huko, hata ikiwa ni ya msaada, imekwisha kugharimu nauli, na kuipeleka kwa fundi ni gharama nyingine. Kwa hiyo, kabla ya kuifungia stoo, yafaa kwanza liulizwe swali ambalo aghalabu halikuulizwa: je, kompyuta huchoka?

Jibu ni kwamba zipo sehemu zinazochakaa, nazo ni chache. Feni hujaa vumbi na beringi zake hulegea. Diski yenye sahani zinazozunguka huharibika kama ilivyo kwa kila kitu kizungukacho. Kapasita huvimba. Betri ya saa, ile yenye umbo la sarafu, huisha nguvu baada ya miaka michache. Lakini prosesa yenyewe, ambayo ndiyo inayofanya hesabu, haipungui kasi kwa kuzeeka. Prosesa iliyokuwa ikipiga mizunguko milioni elfu mbili kwa sekunde ilipotoka kiwandani mwaka 2005, maadam ingali nzima na haipati joto la kupita kiasi, hupiga mizunguko iyo hiyo leo.

Kilichobadilika, basi, ni mzigo. Hebu zitazamwe tarakimu zilizotangazwa na kampuni ya Microsoft kuwa kiwango cha chini cha kumbukumbu kinachohitajiwa na mifumo yake. Windows 95, ya mwaka 1995, iliomba megabaiti 4. Windows XP, ya 2001, iliomba 64. Windows 7, ya 2009, iliomba gigabaiti 1. Windows 11, ya 2021, iliomba gigabaiti 4. Katika muda wa miaka 26 mahitaji yaliongezeka mara 1,024, ilhali mwanafunzi aliyekuwa akiandika barua ya maombi ya kazi mwaka 1995 bado anaandika barua iyo hiyo.

KAZI YA MFUMO ENDESHI

Mfumo endeshi ni programu inayosimama kati ya mashine na programu nyingine zote. Ndio unaogawa muda wa prosesa, unaogawa kumbukumbu, unaosoma na kuandika katika diski, na unaopokea kila herufi inayobonyezwa. Sehemu yake ya ndani kabisa huitwa kiini. Kukizunguka kiini kuna huduma nyingi zinazofanya kazi nyuma ya pazia bila kuonekana: moja husubiri printa iunganishwe, nyingine hupanga orodha ya mafaili ili yatafutwe upesi, nyingine hutafuta masahihisho mapya katika mtandao hata kama mtandao wenyewe haupo. Juu ya hizo ndipo huja mazingira ya madirisha, yaani picha, vivuli, vitufe na mandhari ambayo mtumiaji huyaona.

Mtu asiye mwangalifu hudhani kwamba mambo hayo matatu ni kitu kimoja kisichotengana. Sivyo. Kiini kinaweza kuwa kidogo au kikubwa, huduma zinaweza kuwa tano au mia, na madirisha yanaweza kuwa ya kifahari, ya kawaida, au yasiwepo kabisa. Wepesi wa mfumo hutokana na uchaguzi unaofanywa katika kila tabaka.

SAFARI YA KASANGA

Lakini kwa nini mzigo ukizidi kidogo tu kompyuta huonekana kufa ganzi, badala ya kupungua kasi kidogo? Hapa ndipo penye kiini cha somo hili, na ni vema mwalimu apakawilie.

Prosesa inapohitaji kitu kilichomo katika kumbukumbu ya kazi, hungoja muda wa nanosekunde 100 hivi, yaani sehemu moja ya milioni kumi ya sekunde. Kitu hicho kikiwa katika diski inayozunguka, yabidi mkono wa diski usogee na sahani izunguke hadi mahali panapotakiwa, na muda wa kungoja huwa kama milisekunde 10, yaani sehemu moja ya mia ya sekunde. Tofauti ni mara 100,000.

Akili ya binadamu haiwezi kuhisi nanosekunde, kwa hiyo na ichukuliwe kwamba kungojea kumbukumbu ni sekunde 1, sawa na mwalimu kunyoosha mkono na kuchukua chaki iliyo mezani. Kwa kipimo hicho hicho kungojea diski ni sekunde 100,000, ambazo ni saa 27 na dakika 46. Mtu atembeaye kilometa 4 kwa saa, katika muda huo atakuwa amekwenda kilometa 111. Huo ni takriban urefu wa barabara itokayo Sumbawanga, ikapita Matai, ikateremka hadi bandari ya Kasanga kwenye Ziwa Tanganyika. Yaani mwalimu anayekosa chaki mezani hungoja mjumbe aijongeze kwa miguu kutoka Kasanga, usiku na mchana, bila kulala njiani. (Ni kweli kwamba mjumbe huyo haleti chaki moja bali katoni nzima, kwa maana diski husoma data kwa mafungu. Lakini darasa limekwisha kutawanyika.)

Sasa na ifikiriwe kompyuta yenye kumbukumbu ya megabaiti 512. Tuseme mfumo wake unachukua megabaiti 380, programu ya kinga ya virusi 120, na programu ya kuandikia 90. Jumla ni 590. Zimezidi 78. Mfumo endeshi haukatai. Hutoa baadhi ya vitu katika kumbukumbu na kuvihifadhi katika diski ili kupata nafasi, halafu dakika ileile huvihitaji tena, huvirudisha, na kutoa vingine. Prosesa haina kazi, inangoja tu. Taa ya diski haizimiki. Mtumiaji, kwa kukosa subira, hubonyeza kipanya mara tano zaidi, na kila mbonyezo ni mjumbe mwingine aelekeaye Kasanga.

Mfumo mwepesi ukiwekwa katika mashine hiyohiyo, hesabu hubadilika. Mfumo na madirisha yake huweza kuchukua, tuseme, megabaiti 70, na programu ya kuandikia 90. Jumla ni 160, na 352 zimebaki wazi. Hapana safari hata moja. Mashine haikuongezewa kitu chochote, imepunguziwa. (Tarakimu hizi ni za mfano wa hesabu tu. Kipimo halisi hutofautiana kutoka mashine hadi mashine, na namna ya kukipata imeelezwa mwishoni.)

Msomaji makini atauliza: je, haingefaa kubadili diski yenyewe? Ingefaa sana. Diski za siku hizi zisizo na sahani inayozunguka hungojewa kwa kadiri ya sehemu moja ya elfu kumi ya sekunde, ambayo kwa kipimo chetu ni mwendo wa kilometa moja badala ya 111. Shule yenye fedha kidogo ya kutumia katika kompyuta kongwe, na iitumie kwa kuongeza kumbukumbu na kubadili diski kabla ya kitu kingine chochote. Lakini mfumo mwepesi hauhitaji fedha hata hiyo kidogo.

WEPESI HUPATIKANAJE

Mifumo myepesi inayotumika leo karibu yote ni ya ukoo mmoja. Mwaka 1969, katika maabara za Bell nchini Marekani, Ken Thompson na Dennis Ritchie walianza kutengeneza mfumo ulioitwa Unix. Mashine waliyoanzia ilikuwa ndogo hata kwa siku zile, na udogo huo uliwalazimisha kuandika programu fupi fupi, kila moja ikifanya kazi moja tu, kisha kuziunganisha. Mwaka 1991 mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Linus Torvalds, aliandika kiini kipya kwa kufuata mtindo huo, akitumia kompyuta ya nyumbani yenye megabaiti 4 tu za kumbukumbu. Kiini hicho ndicho Linux. Kwa kuwa kilitolewa bure pamoja na maandishi yake yote, mtu yeyote anaruhusiwa kukipunguza, kukiongeza, na kukigawa kwa wengine. Shule inayonakili mfumo huo kwa kompyuta zake ishirini haivunji sheria ya nchi yoyote.

Mmojawapo wa mifumo midogo mno ni Tiny Core, uliotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2009. Mfumo mzima pamoja na madirisha yake hauzidi megabaiti 25, yaani ni mdogo kuliko picha chache za simu. Udogo huo umepatikana kwa kuacha karibu kila kitu nje. Mtumiaji huongeza mwenyewe programu anazozitaka. Amri zake za msingi zimo ndani ya faili moja liitwalo BusyBox, ambalo asili yake ni kazi ya Bruce Perens ya mwaka 1995 ya kujaribu kuingiza vyombo vyote vya kufungia mfumo katika disketi moja. Puppy Linux, iliyoanzishwa na Barry Kauler nchini Australia mwaka 2003, ni kubwa zaidi, lakini huja na programu za kuandikia na kuchorea zikiwa tayari. Uko pia antiX, uliojengwa juu ya mfumo mashuhuri wa Debian, nao hujitangaza kuwa unatosheka na megabaiti 256 za kumbukumbu.

Kwa mwalimu asiye na uzoefu, Tiny Core si chaguo la kuanzia, ijapokuwa sifa zake huvutia. Ni mfumo wa kumfundishia mwanafunzi wa kidato cha tano jinsi mfumo endeshi unavyojengwa, si wa kumpa mhasibu wa shule. Puppy au antiX hufaa zaidi kwa darasa.

UMEME, JOTO NA MWINUKO

Kwa miaka mingi Sumbawanga haikuunganishwa na gridi ya taifa, na sehemu kubwa ya umeme wake ililetwa kutoka Zambia kwa njia ya Mbala. Katika vijiji vingi shule hutegemea paneli za jua. Kukatika kwa umeme ni jambo la kutarajiwa, na ni katika jambo hili kwamba mifumo kama Puppy na Tiny Core huonyesha busara ya pekee.

Mfumo wa kawaida huandika katika diski muda wote, hata pasipo mtu kuuagiza. Umeme ukikatika katikati ya kuandika, faili hubaki nusu, na siku inayofuata kompyuta hukataa kuwaka. Puppy na Tiny Core hutenda kwa namna tofauti. Mfumo mzima umefungwa katika faili lililobanwa, ambalo husomwa tu na halibadilishwi. Kompyuta inapowashwa, faili hilo hunakiliwa katika kumbukumbu ya kazi, na kuanzia hapo diski hupumzika. Umeme ukikatika, hakuna kilichokuwa kikiandikwa, na kwa hiyo hakuna kilichoharibika. Ukirudi, mfumo huwaka ukiwa kama ulivyokuwa siku ya kwanza. Mwanafunzi atapoteza tu kile ambacho hakukihifadhi. Kwa sababu hiyohiyo, hata kompyuta ambayo diski yake imekufa kabisa inaweza kuwashwa kwa kutumia flashi na kufanya kazi siku nzima.

Ama kuhusu joto, Sumbawanga ina jambo la kufundishia fizikia. Mji huo uko mita 1,800 hivi juu ya usawa wa bahari, na kanieneo ya hewa katika mwinuko huo ni kama asilimia 80 ya ile ya pwani. Feni husukuma ujazo uleule wa hewa kwa kila dakika, lakini kwa joto lilelile ujazo huo una masi iliyopungua kwa karibu moja ya tano, na kwa hiyo hubeba joto dogo zaidi. Baridi ya Ufipa, hususan ya Juni na Julai, hufidia upungufu huo. Vumbi la kiangazi haliufidii. Prosesa isiyo na huduma mia za kuhangaikia hupata joto kidogo.

Zipo kompyuta zisizo na feni kabisa. Raspberry Pi, iliyotolewa Uingereza mwaka 2012, ilianza kwa bei ya dola 35 ikiwa na kumbukumbu ya megabaiti 256, nayo ilitumia umeme usiozidi wati 5. Hewa iliyoguswa na prosesa yake hupata moto, hupanda, na hewa baridi huingia mahali pake. Wafipa wa kale waliijua kanuni hiyo vizuri. Mabaki ya matanuru yao ya kuyeyushia chuma, yaitwayo malungu, yangalipo katika uwanda huo. Tanuru lilijengwa refu kumpita mtu, na hewa moto iliyopanda ndani yake ilivuta hewa baridi kupitia matundu ya chini, pasipo mtu wa kuvuta mivukuto. Mwalimu wa fizikia anayetafuta mfano wa myuko ana mfano wa kienyeji kuliko birika la kitabuni.

Hata hivyo, isidhaniwe kwamba mfumo mwepesi hugeuza kompyuta kongwe kuwa ya umeme kidogo. Kompyuta ya mezani ya miaka ya 2000 yenye skrini ya kioo kinene yaweza kutumia wati 150. Ishirini za namna hiyo ni wati 3,000, na hakuna programu itakayofuta mzigo huo kwenye betri za paneli. Ishirini za aina ya Raspberry Pi, zikiwa na skrini bapa za wati 20 kila moja, hazizidi wati 500 zikihesabiwa zote. Shule inayotegemea jua yapasa ifanye hesabu hii kabla ya kukubali msaada wowote.

MAMBO YASIYOTIBIKA

Kuna watetezi wa mifumo myepesi ambao huisifu kupita kiasi, na walimu waliowaamini wamevunjika moyo. Mfumo mwepesi huacha nafasi. Haupunguzi ulafi wa programu itakayoijaza nafasi hiyo. Tovuti moja ya kisasa yenye video na matangazo inaweza kula mamia ya megabaiti, na kivinjari hakijali kama kinaendeshwa juu ya mfumo mdogo au mkubwa. Kwa kompyuta yenye megabaiti 512 mtandao wa leo ni mzito, na hakuna hila itakayobadili jambo hilo. Kinachowezekana ni kuleta maarifa ndani ya chumba: kompyuta moja yenye nguvu huwekewa programu ya Kiwix pamoja na Wikipedia nzima ya Kiswahili, iliyoanzishwa mwaka 2003, na kongwe nyingine huisoma kwa waya wa ndani bila intaneti. Kurasa hizo ni maandishi na picha tu, nazo hazilemei.

Jambo la pili ni upana wa prosesa. Prosesa za kale za biti 32 zinaweza kutaja mahali 4,294,967,296 tu katika kumbukumbu, na watengenezaji wa mifumo wanaziacha moja baada ya nyingine. Debian toleo la 13, lililotolewa Agosti 2025, haliwezi tena kufungwa katika kompyuta za namna hiyo. Basi kompyuta ya biti 32 iliyo tayari shuleni na itumike hadi ife. Lakini shule inayopewa msaada mpya ina haki ya kuuliza, na hata kukataa: isiyo ya biti 64, au iliyo na kumbukumbu chini ya gigabaiti 1, haistahili nauli ya kuifikisha Ufipa.

La tatu ni lugha na mazoea. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki katika kutoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zilizotafsiriwa kwa Kiswahili, na istilahi nyingi zilisanifiwa wakati huo. Hata hivyo mifumo midogo mingi ingali ya Kiingereza, na vitufe vyake haviko mahali alipozoea mtumiaji wa Windows. Mwanafunzi huzoea katika vipindi viwili. Watu wazima huchukua muda zaidi.

Kwa upande wa pili wa mizani yapasa ikumbukwe kwamba kuiacha mashine na mfumo wake wa zamani nako si salama. Windows XP iliachwa bila masahihisho ya usalama tangu Aprili 2014, na masahihisho ya kawaida ya Windows 10 yalikoma Oktoba 2025. Virusi vinavyosafiri kwa flashi kutoka steshenari ya mjini hadi maabara ya shule karibu vyote viliandikwa kwa ajili ya Windows, na vikifika katika Linux hulala tu ndani ya flashi bila kudhuru.

JARIBIO LA DARASANI

Chukueni kompyuta moja iliyoachwa. Ifungueni, ipulizeni vumbi, na mbadilishe betri ya saa ikiwa tarehe hurudi nyuma kila inapozimwa. Tarehe isiyo sahihi huzifanya tovuti nyingi zikatae kufunguka. Iwasheni kwa mfumo wake wa zamani, na mwanafunzi mwenye saa apime sekunde tangu kubonyeza kitufe hadi herufi ya kwanza kuandikika. Kisha iwasheni kwa flashi yenye antiX au Puppy, na mpime tena. Rudieni kila kipimo mara tatu na mtafute wastani. Fungueni dirisha la amri, mwandike "free -m", na msome kumbukumbu iliyotumika na iliyo wazi. Fungueni programu ya kuandikia, kisha kivinjari, mkisoma upya kila mara, na mchore grafu. Tafuteni katika grafu hiyo ni programu ya ngapi itakayomtuma mjumbe wa kwanza Kasanga. Wanafunzi wa hisabati wajibu swali hili: ikiwa kumbukumbu iliyohitajiwa iliongezeka mara 1,024 katika miaka 26, ilijirudufu kila baada ya miaka mingapi?